Mwezi wa Saba si Juillet

Waliosoma wiki iliyopita wanajua mimi ni mwizi. Waliokosa gazeti nitawaeleza kwa kifupi, maana kujitukana kwa kirefu nako ni namna ya kujisifu.

Naitwa Jean-Berchmans. Nilikuwa karani wa kupiga mashini pale Uvira. Wabelgiji walipokimbia mwaka wa sitini, bwana mmoja wa pamba aliacha mashini ya roneo, ile ya kutolea nakala, ndani ya kibanda, nami nikaibeba kabla kuku hawajataga ndani yake. Mwanzoni mwa mwaka wa sitini na nne nikaanzisha gazeti. Nililiita Kesho Kutwa. Halikuwa la habari wala la dini. Lilikuwa la hadithi za mambo ambayo hayajafika bado: mitumbwi inayoruka, watu wanaoishi chini ya ziwa, nyota zenye wenyeji na machifu wao.

Hadithi iliyobeba toleo la kwanza iliandikwa na Léa Mukamurenzi, mwalimu wa shule ya Waprotestanti, binti wa wafugaji wa Rurambo. Mimi niliipiga kwenye stensili, na mahali pa jina lake nikapiga jina langu. Yeye alikuwa amepanda kwao kwa likizo ya Pasaka. Sikumpelekea nakala.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, wasomaji. Sasa sikilizeni malipo yangu yalivyokuja, maana yalianza kwa sifa.

Nilitoa nakala sitini. Wasomaji sitini wa Uvira, nani asiyewajua? Mtu ananunua gazeti, analigeuza nyuma kutafuta matangazo ya vifo, na akikosa marehemu anaona ameibiwa. Wa kwanza kuja kunilalamikia alikuwa Evariste, katekista, mtu wa shingo ndefu na akili fupi.

"Jean-Berchmans, hii mitumbwi ya kuruka iliruka wapi?"

"Haijaruka bado."

"Sasa weye ulijua aje?"

"Nimewaza."

"Ah! Uongo basi."

"Si uongo, Evariste. Ni mambo ya kesho kutwa."

"Bon. Nitakulipa kesho kutwa."

Akaondoka na gazeti langu kwapani. Huyo ndiye msomaji niliyekuwa nikimkeshea usiku kucha!

Lakini hadithi ya Léa waliipenda, hata hao. Iliitwa "Watu wa Mwezi wa Saba". Ilisema kwamba angani kuna miezi saba, na huu tunaouona ni wa kwanza tu, mingine imejificha nyuma yake. Kwenye ule wa saba kuna watu wasio na wakubwa. Siku moja wanachoka kututazama tukionewa, wanashuka duniani, na wakubwa wa mji wanakimbia huku wamebeba magodoro. Chini yake paliandikwa kwamba itaendelea.

Kule Mulongwe waliisoma kwa sauti kwenye vilabu vya pombe ya kasiksi. Watu walinisimamisha barabarani. "Mwandishi! Bale bantu ba mwezi wanakula nini?" Nami nilikohoa kidogo, kama mtu aliyebeba siri nzito, nikasema watajua toleo la pili. Nisijue mimi mwenyewe hata punje.

Mke wangu Agathe ndiye peke yake hakudanganyika.

"Weye ndiye umeandika hii?"

"Mimi."

"Weye? Hata barua ya kuniposa uliandikiwa na kaka yako!"

"Mtu anajifunza, Agathe."

"Mm." Akaendelea kuchambua ndagala zake, dagaa wa ziwani. Ile "mm" yake ilinichoma kuliko matusi.

Wiki ya pili, asubuhi nikiwa kwenye bugali, wakaja askari wawili. Walinichukua na vidole vikiwa bado na mchuzi, wakanifikisha kwa Bwana Venant, mkuu wa upelelezi.

Venant huyu! Miaka minne nyuma alikuwa akipima pamba kwenye mzani, na hata mzani haukumwamini. Uhuru ulimpa miwani na meza. Alikuwa na Kesho Kutwa mbele yake, amelipiga mistari ya wino mwekundu mpaka linatisha.

"Monsieur le rédacteur. Soma hapa."

Nikasoma: "Watu wa Mwezi wa Saba watashuka milima ya Lemera, watakatiza Kiringye, na asubuhi wataingia Uvira."

"Mwezi wa saba. Juillet," akasema. "Waasi watashuka juillet."

"Hapana, chef. Si juillet. Ni lune. Mwezi wa juu."

"Mwezi wa juu iko mingapi?"

"Mmoja, chef."

"Sasa wa saba umetoka wapi?"

"Ndani ya hadithi iko saba. Mingine imejificha."

"Aha! Imejificha." Akaandika. "Imejificha wapi?"

"Nyuma ya ule wa kwanza."

"Na juillet ni mwezi wa ngapi?"

"Wa saba, chef, lakini..."

"Voilà!"

Ninyi mnacheka. Jaribuni kusimama mbele ya mtu mwenye bastola mkimweleza kwamba lugha yetu imetoa jina moja kwa kile kinachong'aa juu na kwa siku thelathini za kalenda. Nilieleza kwa Kiswahili, nikaeleza kwa Kifaransa, nikachora duara kwenye karatasi. Aliichukua ile duara, akaipiga mhuri, akaiweka kwenye faili kama ramani ya kambi ya maadui.

Kisha akavua miwani. "Mwandishi njo weye?"

Hapo, wasomaji, mlango ulikuwa wazi. Ningesema hapana, ningerudi kwa ndagala zangu, na tatizo lingepanda Rurambo kumtafuta mwenyewe. Watu wananisifu mpaka leo kwamba nilinyamaza nisimtaje mwanamke. Ngojeni niwaambie jinsi nilivyonyamaza.

Venant alisema, "Lakini imeandikwa muzuri. Ile fasi ya magodoro, nilicheka mpaka machozi."

Nami nikajibu, "Aksanti, chef."

Basi. Hakuna ushujaa mwingine wowote. Nilisifiwa, nikashukuru, nikafungwa.

Gerezani nilikaa wiki tano. Agathe alileta chakula na habari, na kila mara alianza na salamu ileile: "Mwandishi hajambo?" Ndiye aliyeniambia kwamba Venant alituma ripoti kwa wakubwa wake: waasi wa milimani watashambulia juillet, kwa njia ya Lemera na Kiringye. Tangu mwezi wa nne risasi zilikuwa zikisikika huko juu, lakini Venant aliwatuliza watu. Hao ni wezi wa ng'ombe tu, alisema, jeshi lenyewe ni la juillet, tuna maandishi. Askari walipewa likizo. Mahandaki yangechimbwa mwezi wa sita, bila haraka.

Waasi waliingia mwezi wa tano.

Waliingia saa mbili asubuhi, watu wakiwa kwenye chai. Walishuka Lemera, wakakatiza Kiringye, wakafika Uvira wakaikuta serikali imevaa kaptula ya kulalia. Agathe alimwona Venant kwa macho yake akipanda mtumbwi wa kwenda ng'ambo na godoro kichwani. Alisoma hadithi, akacheka mpaka machozi, na bado akachukua godoro! Msomaji wa namna hiyo utamwandikia nini?

Gereza likafunguliwa. Walinitoa mbio mpaka kwenye nyumba aliyoiacha tajiri mmoja kule ufukweni, mbele ya Kolonel Nyandwi. Sikuuliza ni kolonel tangu lini. Wote tulijua kwamba Krismasi iliyotangulia alikuwa akiendesha lori la mihogo. Alivaa kofia ya polisi yenye manyoya ya jogoo, na alinikumbatia mpaka mbavu zikalia.

"Camarade! Weye njo uliwafunga macho!"

"Minye?"

"Uliwaandikia mwezi wa saba, wakalala. Sisi tukaingia mwezi wa tano! Ee, muntu wa akili! Nani alikutuma?"

Sikutumwa na mtu. Lakini nilikuwa nimeonja sifa, na mwenye kuonja hana aibu. Nikainamisha kichwa. "Kolonel, kila muntu anapigana na kile iko nacho."

Wakanipa kitambaa chekundu cha mkono, kiti cha mbele na mguu mzima wa mbuzi. Wiki mbili nilikuwa shujaa. Evariste, yule wa uongo, alikuja kunisalimu kwa mikono miwili na kuomba nimwandikie jina langu juu ya nakala ambayo hajailipa mpaka leo. Nilimwandikia. Niliandika kwa madaha, "Kwa msomaji wangu wa kwanza." Agathe aliila nyama ya mbuzi, na alipomaliza akaniuliza Léa, aliyezuiwa kwao na risasi tangu Pasaka, anarudi lini.

"Sijui."

"Atasikia. Mlima nao una masikio ya soko."

Nikamwambia anyamaze.

Wiki ya tatu Kolonel aliniita. Hakunikumbatia. Alikuwa amekaa na Kesho Kutwa juu ya goti, na kofia ameiweka chini.

"Camarade mwandishi, nimeisoma tena hii karatasi yako. Mwezi ulidanganya, ni vizuri. Lakini njia haikudanganya."

"Njia gani, Kolonel?"

"Lemera. Kiringye. Uvira asubuhi." Alihesabu kwa vidole vitatu. "Hiyo ilikuwa siri. Tuliijua bantu batatu tu. Wawili wamekufa. Wa tatu njo minye, na minye sikukuambia."

Nikaona jasho linanishuka hata pale ambapo mtu hatoki jasho.

"Kati ya bantu bangu iko wa nne, mwenye mdomo," akasema. "Nataka jina lake. Ukinipa jina, unaenda kwa muke wako. Ukikosa, nitajua kwamba weye na yeye ni kitu kimoja, na mtalala shimo moja. Jua likifika katikati nataka jibu."

Ilikuwa saa nne.

"Kolonel, nilijiwazia tu."

"Ulijiwazia Kiringye?"

"Ndiyo."

"Na Lemera?"

"Nayo."

"Na asubuhi?" Akacheka bila furaha. "Muntu anawaza mwezi, nakubali. Hakuna anayewaza Kiringye. Kiringye iko pale!"

Sasa hapa lazima niungame kitu ambacho nimewaficha tangu wiki iliyopita.

Léa hakuandika Lemera. Hakuandika Kiringye. Aliandika "watashuka milima, watakatiza tambarare, wataingia mji". Majina niliyatia mimi, mhariri, kwa kiburi changu cha kazi. Nilijiambia kwamba watu wa Uvira hawaamini mlima usio na jina. Nikatazama dirishani, nikamkumbuka Evariste na shingo yake, nikapiga Lemera. Nikapiga Kiringye. Katika hadithi nzima ya kurasa nane, hayo ndiyo maneno yangu.

Na siri yenyewe ya jeshi, mnajua ilikuwa nini? Ilikuwa njia ya wauza maziwa. Wanawake wanaotoka milimani na vibuyu vyao wanapita hapohapo kila siku ya soko, na ng'ombe akipotea anaifuata peke yake mpaka ufukweni. Ningeweza kumwambia Kolonel hivyo. Lakini nani atamwambia mtu mwenye manyoya ya jogoo kwamba mpango wake wa vita ng'ombe wanaujua?

Nilitazama jua. Lilikuwa linapanda bila huruma. Nikatafuta ndani yangu yule mwandishi shujaa aliyenyamaza mbele ya Venant, nikakuta hayupo, na kwamba hakuwahi kuwapo. Nilikuwa na jina moja tu la kutoa, na halikuwa la askari yeyote.

"Kolonel," nikasema, "hadithi si yangu."

"Unasema aje?"

"Minye ni karani tu. Nilipiga mashini. Aliyeandika ni mwanamke."

"Nani?"

Wasomaji, miezi miwili nyuma niliona haifai kupiga jina lile hata kwa herufi ndogo chini ya ukurasa. Siku ile lilinitoka lote, pamoja na shule, kilima na jina la baba yake.

"Léa Mukamurenzi. Mwalimu. Anatoka Rurambo, binti ya Gakwaya. Yeye njo anajua hiyo njia. Muulize yeye."

Nilingoja awaite askari, awatume milimani. Nilishaanza hata kuhesabu kwamba mpaka wapande na kushuka ni siku tatu, na katika siku tatu mtu anaweza kupata mtumbwi.

Kolonel hakuita mtu. Alijipiga paja.

"Kumbe ni kweli!"

"Nini, Kolonel?"

"Alikuja asubuhi hii. Alisikia sokoni kwamba kuna muntu anakula mbuzi juu ya hadithi yake, akashuka kwa miguu. Akasimama pale uliposimama weye, akasema, 'Ile hadithi ni yangu, nataka jina langu.' Nikamcheka. Nikasema, mama, nenda nyumbani, hii ni kazi ya wanaume. Nilidhani ni kichaa." Akatikisa kichwa. "Amekataa kwenda. Iko pale nyuma ya mlango tangu saa moja. Nilitaka nimfukuze saa hii, aende zake. Sasa weye mwenyewe umemshuhudia."

Mlango ule wa nyuma, ambao mimi sikuupitia, ulikuwa wa mbao nyembamba. Kila kitu kilichosemwa ndani kilikuwa kimesikika nje.

Kolonel akauvuta. Léa alikuwa amekaa juu ya ngazi, viatu mkononi, miguu imejaa vumbi la tambarare, na kaye ya shule, daftari alilotungia hadithi, juu ya magoti. Aliingia bila kuitwa. Hakunitazama. Heri angenitemea mate.

"Mwalimu," Kolonel akasema, na sasa alimwita mwalimu, "hii hadithi ni yako?"

"Nilisema tangu asubuhi."

"Na njia nani alikuonyesha?"

"Njia gani?"

"Lemera na Kiringye."

Léa akakunja uso. Nakala hakuwa amewahi kuiona, hilo nilihakikisha mimi. "Minye sikuandika hayo," akasema, akamnyooshea kaye.

Kolonel aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Mtu aliyezoea lori hasomi haraka. Nilisikia mawimbi ya ziwa yakipiga chini ya nyumba. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akaweka kaye na gazeti pamoja juu ya meza.

"Hapa iko 'milima'," akasema. "Hapa iko 'Lemera'."

"Mlima ni mlima," Léa akasema. "Haukuhitaji jina."

"Sasa nani aliutia jina?"

Ndipo Léa aliponitazama, kwa mara ya kwanza. Alijua, na mimi nilijua kwamba amejua. Nilimwomba kwa macho, sina haya kusema, nilimwomba kama mtoto. Neno moja tu lilitosha. Angeweza kusema ni yeye, alisahau kuyaandika kwenye kaye, akaniambia kwa mdomo. Angeweza kusema hajui.

Akalichukua gazeti juu ya meza. Hakuwa na haraka. Alipitia kurasa zote nane, mara moja akatabasamu kidogo mahali pa magodoro, mpaka akafika chini kabisa. Akaweka kidole.

"Kolonel, macho yangu yamechoka na safari. Hapa pameandikwa nini?"

Kolonel akainama. "Mwandishi: Jean-Berchmans."

"Basi," Léa akasema, "muulize mwandishi."

Kolonel alifunga kaye, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili. Kisha akaokota kofia yake chini, akaivaa, akanigeukia. "Camarade mwandishi," akasema, "bado nangoja lile jina."